Somo: Kupanga vituo vya kupigia picha kwa droni kwenye ardhi ya milima

Naulizwa tena na tena: "Droni imeruka vizuri, kwa nini kontua zimeharibika?" Najibu hapa ili nikiulizwa tena niwaelekeze huku. Kontua, yaani mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, huharibika kabla droni haijapaa, pale unapopanga kamera isimame wapi.

Mfano wangu ni Phantom 4 Pro, maana wengi mnayo: lenzi ya milimita 8.8, kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, picha ya pikseli 5472 kwa 3648. Ikiwa mita 100 juu ya ardhi, picha moja inafunika mita 150 kwa 100, na pikseli moja ni kama sentimita 2.7.

1. Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kwanza. Kenya ni KCAA.

2. Muulize mteja anataka usahihi gani wa kimo. Kazi nzuri yenye alama za ardhini (alama zinazoonekana pichani, ambazo mahali pake pamepimwa) hutoa kosa la kimo la pikseli moja na nusu hadi tatu. Anayetaka sentimita 10, mita 100 zinamtosha. Anayetaka 3, shuka chini au mwambie ukweli.

3. Kimo cha kurukia. Someni hapa polepole, kwa sababu kazi nyingi zinazoletwa kwangu zimefia hapa. Mita 100 unazoandika kwenye programu ya kurushia kwa kawaida zinahesabiwa kutoka pale droni ilipopaa, siyo kutoka ardhi iliyo chini yake. Chukua mteremko wa Lushoto. Umepaa bondeni, na kilele kiko mita 50 juu yako. Umepanga picha zifunikane 80% kwa mbele, yaani picha kila mita 20, na 70% kwa ubavu, yaani mistari iachane mita 45. Droni ikifika kileleni iko mita 50 tu juu ya ardhi, na picha inafunika mita 75 kwa 50. Sasa kufunikana kwa mbele ni 60%, kwa ubavu ni 40%. Programu ya kuchakata picha itaziunganisha kwa taabu au itaacha mashimo, nawe utalaumu kompyuta.

Kanuni: kufunikana kupangwe kwa sehemu ya juu kabisa ya eneo, na ukubwa wa pikseli upangwe kwa sehemu ya chini kabisa. Ukibaki kwenye kimo kilekile, hapo Lushoto picha iwe kila mita 10 na mistari iachane mita 22.5. Betri zitaliwa mara mbili. Njia bora ni droni ifuate umbo la ardhi kwa kutumia ramani ya miinuko ya bure kama SRTM, au ugawe eneo vipande viwili vya vimo tofauti vinavyoingiliana vizuri kwenye maungio. Tahadhari: SRTM ni vipimo vya rada vya Februari 2000, nukta zake ziko mita 30 hivi na haijui mkaratusi uliopandwa baadaye. Acha nafasi ya kutosha juu ya miti, na tembea eneo lote kwa miguu kabla ya kurusha.

4. Mistari iende sambamba na kontua, isipande na kushuka mlima. Ivuke mpaka wa eneo kwa mistari miwili kila upande, la sivyo kingo zitakuwa dhaifu.

5. Ukimaliza, rusha droni kwa mistari michache inayokatisha ile ya kwanza, kamera imeinamishwa nyuzi 20 hadi 30 kutoka wima. Usiruke hatua hii.

6. Alama za ardhini: pembeni zote, katikati, bondeni na kileleni. Baadhi zitunze kwa ukaguzi tu, usiziingize kwenye hesabu.

7. Shata (muda kamera inaopokea mwanga) iwe 1/500 ya sekunde au ya kasi zaidi. Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, hapo picha inavutika sentimita 2. Kwa 1/200 inavutika 5, karibu pikseli mbili.

MAONI

Kijana wa Saiti: Mkuu nimeweka 80% lakini juu ya mlima kuna mashimo. Nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kijana wa Saiti: Nimeisoma. Hakuna setingi ya kuziba?

Mwandishi: Ipo, na itakuchorea ardhi ambayo hakuna aliyeipima. Rudi ukarushe upya.

Mama Theodolaiti: Mwalimu, kwa nini kuinamisha kamera kunasaidia? Nilidhani wima ndiyo sahihi.

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Picha zote zikiwa wima na kwa kimo kimoja, programu haiwezi kutofautisha lenzi iliyopinda na ardhi iliyopinda, kwani zote mbili zinaelezea picha zilezile. Matokeo yake uwanja wa mpira unatoka umevimba katikati kama chapati iliyofura. Picha ya kuinama inaona ardhi ya karibu na ya mbali kwa pamoja, na hapo makadirio mabaya ya lenzi hayana pa kujificha. James na Robson waliliandika hili mwaka 2014.

Bikoni Mpya: Mimi nina RTK, GPS ya usahihi wa sentimita. Alama za ardhini za nini tena?

Mwandishi: RTK inajua kamera ilikuwa wapi, haijui lenzi yako ikoje leo. Umbali wa fokasi ukikosewa kwa 0.1% tu, kutoka mita 100 ardhi yote inapanda au kushuka sentimita 10. Weka alama chache, na nyingine za ukaguzi.

Mama Theodolaiti: Mimi natumia viroba vyeupe, ila juani vinang'aa hadi kitovu hakionekani.

Mwandishi: Paka miraba minne, miwili myeusi miwili myeupe, alama nzima nusu mita. Na uzungumze na wenye shamba kabla, watakulindia.

Pwani Survey: Ufukweni Bagamoyo GPS yangu inasoma zaidi ya mita 20 chini ya bahari. Mbovu?

Mwandishi: Nzima. Inasoma kimo cha duaradufu (umbo la dunia la kihesabu), siyo cha usawa wa bahari, na pwani yetu vinatofautiana kiasi hicho. Funga kazi yako kwenye bikoni (nguzo ya upimaji) yenye kimo kinachojulikana. Na ukiwa hapo, angalia kama bikoni iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa ramani zetu, au WGS 84, mfumo wa GPS. Ukizichanganya, shamba linahama karibu mita 300.