Kumwingiza mtoto klabu ya pentathloni Nairobi: pima bwawa kwanza

Mama Neema, jirani yangu hapa Kasarani, aliniomba nimsaidie kumwingiza bintiye wa miaka 12 katika klabu ya vijana ya pentathloni ya kisasa. Sasa wazazi wenzake wanamuuliza njia tuliyopita. Ni hii.

1. Ujue mchezo

Mshindani mmoja hucheza michezo mitano: vitara (kupambana kwa panga za mchezo), kuogelea, vizuizi, kulenga shabaha kwa bastola ya leza, na kukimbia. Hiyo miwili ya mwisho huchanganywa: unakimbia, unasimama kulenga, unakimbia tena. Ukiambiwa utahitaji farasi, hayo ni ya zamani. Farasi aliagwa kwenye Olimpiki ya Paris 2024, na nafasi yake imechukuliwa na vizuizi vya kupanda na kuning'inia. Nimefurahi sana, maana gharama ya farasi iliwafungia mlango watoto wengi wa mitaa yetu. Wadogo huanza na kukimbia na kuogelea tu, leza inafuata.

2. Cheti cha kuzaliwa

Makundi ya umri hufuata mwaka wa kuzaliwa. Wa Januari na wa Desemba mwaka uleule wako kundi moja. Toa nakala mbili.

3. Pima kuogelea

Hapa ndipo tulipopoteza Jumamosi mbili, kwa hiyo soma polepole.

Neema aliniambia anaogelea "raundi nane bila kupumzika." Nilimwamini, nikampeleka kwenye bwawa la mita 50. Alianza vizuri, mkono mrefu, kichwa kimetulia. Kwenye mita kama 30 miguu ilianza kuzama, akasimama wima majini, akashika kamba ya njia kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa inatetemeka. Niliruka kumchukua.

Jioni nilikwenda na tepu ya fundi kwenye bwawa alilojifunzia, la nyumba za kupanga. Lilikuwa na mita 14! Raundi nane ni mita 112, ndiyo, lakini kila baada ya mita 14 alishika ukuta, akavuta pumzi, akajisukuma kwa miguu. Ukuta ulikuwa unamfanyia nusu ya kazi. Isitoshe, upande mmoja maji yalimfika kifuani, kwa hiyo hakuwahi kuogelea akijua kwamba chini hakuna pa kukanyaga.

Basi fanya hivi. Pima bwawa mwenyewe, usiulize mlinzi. Anza kwenye bwawa la mita 25, mtoto asishike ukuta zaidi ya kugusa na kugeuka. Akimaliza mita 100 hivyo bila hofu, ndipo umpeleke kwenye mita 50, na awe njia ya pembeni karibu na mwokoaji. Kama ni Juni au Julai, usimpime asubuhi. Maji ya Nairobi yasiyopashwa moto hukaza misuli, na utamhukumu mtoto kwa kosa la baridi. Mfundishe kroli, yaani kuogelea kifudifudi akizungusha mikono kwa zamu, kabla ya mtindo mwingine wowote, na kuvuta pumzi pande zote mbili. Usimharakishe kwa kuwa umesikia wakubwa waliogelea mita 200 huko Paris. Sisi ilituchukua wiki tano.

4. Chagua klabu

Omba kuona cheti kutoka kwa Msajili wa Michezo. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka klabu isajiliwe. Kisha kaa utazame zoezi moja zima. Mimi hutazama leza: mtoto akigeuka na bastola kuelekea mwenzake, kocha anasimamisha zoezi au anaendelea na simu? Akiendelea na simu, ondokeni.

5. Vifaa

Nunua miwani ya kuogelea inayobana vizuri na viatu vya kukimbilia. Basi. Bastola na upanga tumia vya klabu, kwa sababu mtoto hukua na panga hufuata saizi. Upanga wa mchezo huu ni epe, ambao mwili wote ni shabaha, hata kidole cha mguu. Mwonyeshe mtoto video za Alexandra Ndolo, aliyeichezea Kenya kwa upanga huohuo Paris 2024. Neema alizitazama akiwa na mwiko wa mamake mkononi.

Amemaliza mita 100, na Jumamosi hii anaanza mazoezi na wenzake.