Kutembea Kigoma likizo hii: panga kwa kufuata ziwa, mengine yatafuata

Habari zenu wakuu. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni huku Kigoma, na swali ninaloulizwa kila likizo ikikaribia ni lile lile, "nina siku nne au tano, nione nini?" Watu wanakuja na listi tayari, sokwe, Ujiji, bichi, Mahale, alafu wanataka asubuhi iwe hiki mchana iwe kile. Huku haiendi hivo. Huku anayepanga ni Ziwa Tanganyika, boti zina saa zake, upepo una miezi yake, wavuvi wanafuata mwezi wa angani, na wewe unajipenyeza humo humo. Ukikubali hilo toka ukiwa nyumbani utafaidi, ukikataa utashinda mwaloni, pale boti zinapotia nanga, umekaa juu ya begi.

Hatua ya 1: Chagua tarehe

Angalia vitu viwili tu, upepo na mbalamwezi.

Mvua za huku kwa kawaida zinaanza Novemba mpaka Aprili, Mei zinakata, alafu kiangazi mpaka Oktoba. Kiangazi ndo kizuri kwa sokwe, njia za msituni zimekauka na mwishoni mwa kiangazi sokwe wanashuka chini chini, huwapandii milima sana. Lakini katikati ya kiangazi, hasa Juni mpaka Agosti, upepo wa kusini unachafua ziwa, mawimbi yanakuwa ya kweli kweli, na kama tumbo lako halina urafiki na boti utajuta. Mi mwenyewe nikiulizwa nasema njoo Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Ila najua wengi likizo yenu ni Desemba, watoto wamefunga shule, sawa njoo tu, kila kitu kinakuwa kijani na picha zinatoka nzuri, jiandae tu na utelezi na viatu vyenye meno.

Mbalamwezi sasa. Dagaa huku wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, saivi nyingi ni za sola, mwanga unawavuta dagaa wanajaa juu ndo nyavu inapigwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, dagaa wanatawanyika, wavuvi wengi wanavuta mitumbwi nchi kavu wanashona nyavu, na mwaloni kunakuwa kumepoa na dagaa bei juu. Kwa hiyo fungua kalenda utafute zile siku za giza. Usiku wa giza ukikaa sehemu ya juu ukaangalia ziwani utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji, na kwa macho yangu hiki ndo kivutio namba moja cha Kigoma na hakina kiingilio.

Hatua ya 2: Njoo kwa treni, angalau kipande

Ndege ipo, basi lipo, lakini kama una muda panda treni ya reli ya kati. Ukitoka Dar ni safari ndefu, unalala njiani, kwa hiyo wengi nawashauri wafike Tabora kwanza, wapumzike, wanunue asali ya miombo, wakafike Kwihara kwenye tembe walilokaa mmisionari Livingstone na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1872, alafu ndo wachukue treni Tabora kuja huku, ni kama kilomita 400. Treni ikisimama Nguruka utaona samaki wa kukausha, ikifika Uvinza ni kwenye chumvi, na hapo kati unavuka mto Malagarasi na mabwawa yake, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuingia kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu, mwaka 2000. Ratiba thibitisha stesheni siku moja kabla, na ukifika usipange kitu cha saa maalum siku hiyo, treni ikichelewa imechelewa.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza zunguka mjini tu

Anza na stesheni yenyewe, ni jengo la Mjerumani, reli ilifika hapa 1914 na mpaka leo ndo mwisho wa reli. Ukitoka nje barabara inapanda na ziwa linabaki chini yako.

Uliza habari za Liemba. Meli hii ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwa vipande ikaletwa kwenye makasha, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingia majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaona vita inawaelemea, wakaizamisha wenyewe, ila kwanza wakazipaka injini grisi, yani walikuwa na nia ya kurudi kuichukua! Hawakurudi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kuhusu kusafiri nayo usiamini ratiba unazozikuta mtandaoni, nyingi ni za zamani, nenda bandarini uulize meli gani inatembea wiki hiyo. Na bandarini usipige picha bila ruhusa.

Alafu kitu ambacho wageni wa Dar kinawachanganya, huku ni magharibi kabisa ila saa tunatumia ile ile, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi bado giza na jua linazama saa moja jioni hivi. Ukiambiwa boti saa kumi na mbili, jua unatembea na tochi. Faida yake jioni ni ndefu, ukitoka kazini kwako... samahani, uko likizo.

Hatua ya 4: Gombe, hapa ndo panataka akili

Gombe ni hifadhi ya taifa ya sokwe, iko kama kilomita 16 kaskazini ya mji na hakuna barabara, ni maji tu. Una njia mbili.

Ya kwanza ni boti ya kukodi. Unatoka alfajiri, unaona sokwe, jioni umerudi. Ghali, ila mkiwa watu sita saba mnagawana inakuwa siyo mbaya. Kabla hujatoa hata shilingi omba uone laifu jaketi, moja kwa kila kichwa, na zishike mkononi, siyo kuambiwa "zipo bosi". Uliza pia kama ina injini ya akiba.

Ya pili ni boti za abiria kutoka Kibirizi, hizi zinazobeba akina mama wa sokoni na mizigo yao kwenda mpaka kijiji cha Mwamgongo. Unawaambia tu mapema unashuka Kasekela, hifadhini. Ujanja uko kwenye saa: kwenda zinaondoka mchana, kurudi zinapita asubuhi, na Jumapili usizitegemee. Maana yake nini, ukienda Jumatatu unafika jioni, sokwe unawaona Jumanne, unarudi Jumatano. Usiku mbili. Watu wengi wanasoma "boti ipo kila siku" wanafikiri wataenda na kurudi, hapana. Malazi ya hifadhi yapo pale pale ufukweni, ulizia nafasi mapema.

Malipo ya hifadhi maliza kabla hujapanda boti, kwa kontroo namba au kadi, na Mtanzania beba kitambulisho cha NIDA maana kiingilio chako ni tofauti kabisa na cha mgeni wa nje. Watoto wa chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kwa sokwe, kwa hiyo wenye familia mzungumze hilo mezani siyo mwaloni.

Mkishaingia msituni mnaenda na mwongozaji, lazima. Wafuatiliaji wanatangulia kujua sokwe wamelala wapi. Mtembeo unaweza kuwa nusu saa au ukawa masaa manne, milima ya Gombe imesimama, huwezi kujua. Mkiwapata mna saa moja, mnakaa mita 10, barakoa usoni, hakuna kula mbele yao. Na kama una mafua sema ukweli ubaki, sokwe wanashika magonjwa yetu na yanawaua, mafua yako ya siku tatu kwake ni msiba.

Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alishuka ufukwe huu huu Julai 1960 akiwa na mama yake, maana serikali ya wakati ule ilikataa mwanamke kijana akae porini bila mwenzake. Miezi michache baadaye akamuona sokwe aliyempa jina David Greybeard anachomeka jani la nyasi kwenye kichuguu anavua mchwa, wakati dunia nzima inaamini binadamu peke yake ndo anatengeneza na kutumia zana. Mama Jane amefariki Oktoba 2025, utafiti bado unaendelea, na mwongozaji mzuri atakutajia sokwe kwa majina na ukoo, nani mtoto wa nani. Muulize, wanapenda kuulizwa.

Ukirudi kwa sokwe una nguvu bado, nenda maporomoko ya Kakombe, siyo mbali na panapoa vizuri. Kilele cha Jane kinapanda zaidi ila juu unaona ziwa lote na siku ya hewa safi milima ya Kongo ng'ambo. Alafu nyani! Watu wanawaogopa sokwe kumbe mwizi ni nyani. Usile nje, usiache mlango wazi hata dakika moja, mkate wako utaondoka na mfuko wake.

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, nitaipitia haraka. Ni kubwa mara nyingi kuliko Gombe, kilomita za mraba kama 1,600, mlima Nkungwe una mita 2,462, sokwe wamefuatiliwa na Wajapani toka 1965, na kwa uzuri nadhani inaishinda Gombe. Lakini iko mbali kusini na ni boti ndefu au ndege. Kama una siku chini ya sita usichanganye zote mbili, utakuwa umelipia kukaa kwenye boti.

Hatua ya 5: Ujiji, siku ya kupumzisha miguu

Panda daladala au bajaji, kutoka mjini ni kilomita kama nane, inapita Mwanga ambako unaweza kushuka ukachagua vitenge. Ujiji ni mji wa zamani wa Kiswahili, wa Kiislamu, vaa kwa heshima, salimia watu kwanza, picha omba.

Makumbusho ndo pale Stanley alipomkuta Livingstone, Novemba 1871. Kuna sanamu zao wanavua kofia wasalimiane, na miembe inayosemekana imetokana na ule mwembe wa siku ile. Wengi wanapiga selfi wanaondoka. Mi nakwambia kaa umuulize mwongozaji habari za Susi, mtumishi wa Livingstone, ndo aliyemkimbilia Stanley kumpokea, na ndo yeye na Chuma na wenzao walioubeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo, ukafika mwanzoni mwa 1874. Muulize pia habari za misafara, maana pembe na watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa walishukia hapa Ujiji wakatembezwa kwa miguu Tabora mpaka pwani, zaidi ya kilomita elfu moja. Ile ndo historia ya pale, wazungu wawili waliikuta.

Hatua ya 6: Kuogelea

Upande wa Katonga, nje kidogo ya mji, kuna fukwe tulivu, inayojulikana sana ni Jakobsen. Maji ni maangavu, na ziwa hili lina mita 1,470 sehemu yenye kina kirefu, la pili duniani baada ya Baikal, kwa hiyo hata ukiwa fundi wa kuogelea usiende mbali. Beba miwani ya kuogelea, kwenye mawe kuna visamaki vya rangi ambavyo vingi havipo ziwa lingine lolote duniani. Ila siyo kila ufukwe unaogelewa, sehemu zenye matete na maji yaliyosimama kuna kichocho, na mamba wapo sehemu zingine, uliza wenyeji kwanza. Miaka hii maji yamepanda pia, bichi uliyoiona kwenye picha ya zamani inaweza kuwa imebaki nyembamba.

Hatua ya 7: Kula na kufungasha

Kula samaki mgebuka wa kukaanga kwa ugali wa muhogo, ukimpata samaki kuhe usimuache, na maharage ya mawese angalau mara moja. Dagaa nunua asubuhi mwaloni Kibirizi, chagua wanaong'aa, waliokauka kabisa, wasio na mchanga, shika kiganjani unuse. Waliokaushwa nusu watakunukia kabla hujafika Dodoma. Funga mifuko miwili na gazeti katikati. Mawese tia kwenye dumu dogo jipya, siyo chupa ya soda, kifuniko zungushia nailoni na selotepu, alafu simamisha ndani ya ndoo. Wa ndege ulizia shirika lako kabla, wengine hawapokei kabisa mafuta. Wa basi, dumu likae miguuni kwako, usimwachie konda aweke kwenye buti na mabegi ya watu.