Daftari la mama: kufuatilia matibabu ya mzazi Mbeya ukiwa ughaibuni

Simu iliyoniamsha usiku ule haikuwa ya kuomba pesa. Mdogo wangu alikuwa mapokezi, kwenye hospitali moja jijini Mbeya, mama kamwegemea begani. Walikuwa wametoka Tukuyu kwa gari la kukodi, presha imepanda, na nesi anauliza: "Mama anatumia dawa gani?" Akanipigia mimi huku Reading, Uingereza, maana ndiye ninayetuma hela ya dawa kila mwezi. Kiasi nilichotuma nilikijua mpaka shilingi ya mwisho. Jina la dawa sikulijua. Faili lake la mwaka uliotangulia likatafutwa, halikuonekana. Likafunguliwa jipya, daktari akaanza moja, kana kwamba mama hajawahi kutibiwa popote.

Alilazwa siku nne akatoka salama, namshukuru Mungu. Lakini nilichokijua usiku ule ndicho ninachotaka mwenzangu ukijue kabla simu yako haijalia: kwa mzazi aliye nyumbani, kumbukumbu zake za matibabu ni msaada sawa na hela unayotuma, na kazi ya kuzitunza unaweza kuifanya hata ukiwa mbali.

Sisi tulio Uingereza tumezoea mambo mengine. Hapa unajiandikisha kwa daktari wa mtaa wako bila malipo, na hawaruhusiwi kukukataa kwa sababu tu huna uthibitisho wa anuani. Ukihama mji, unajiandikisha kwa daktari mpya na kumbukumbu zako zinakufuata. Nyumbani kila kituo kina faili lake na namba yake. Mama yangu ana namba ya zahanati ya kijijini, ana nyingine hospitali ya wilaya pale Makandana, nyingine Igogwe, na nyingine Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Hospitali nyingi sasa zinatumia kompyuta, na vituo vya serikali vina GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kutunza taarifa za wagonjwa, lakini usijenge matumaini kwamba alichoandika tabibu wa zahanati kitaonekana kwa daktari wa Rufaa. Kinachounganisha vituo vyote hivyo ni karatasi zilizo kwenye mkoba wa mama.

Basi nunua kaunta buku, lile daftari lenye jalada gumu, na faili la plastiki lenye kifungo, maana mvua ya Rungwe haina msimu wa kuaminika. Ukurasa wa kwanza andika jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, mwaka wa kuzaliwa, namba ya faili ya kila hospitali, namba ya bima, dawa zinazomdhuru kama zipo, na namba za simu za watu wawili wanaoishi karibu naye.

Hapo kwenye jina usipite haraka. Mama zetu wana jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba na jina la mume, na kila karani wa mapokezi huandika lile alilolisikia kwanza. Mwaka wa kuzaliwa nao wengine hukadiria tu. Nilipokaa na makaratasi ya mama nilikuta wanawake watatu: mmoja wa ukoo wa babu, mmoja wa ukoo wa baba, na mmoja aliyezaliwa miaka sita baadaye. Ndiyo maana faili halikuonekana. Sasa anaenda na kitambulisho na daftari, anaonyesha, karani ananakili kama lilivyo.

Kurasa zinazofuata ni za safari za hospitali. Kila anaporudi, anayempeleka anaandika tarehe, kituo, presha iliyosomwa, sukari, uzito, alichosema daktari, na siku ya kurudi. Dawa ziandikwe kwa jina la dawa yenyewe, si jina la kibiashara la kwenye boksi: amlodipini 5 mg, metformini 500 mg, mara ngapi kwa siku. Kampuni zikibadilika boksi linabadilika rangi, na mzee anaweza kudhani amepewa dawa mpya akameza zote mbili. Majibu ya maabara omba nakala palepale kabla hamjaondoka, kwa upole, kwa sababu kuyafuata wiki ijayo ni nauli nyingine kutoka Tukuyu. Kisha ukurasa unapigwa picha na kutumwa kwako, nawe unaihifadhi mahali pengine pia, si kwenye simu peke yake.

Kwa mlio Marekani, jambo moja litawapunguzia hofu au litawaamsha inapobidi. Sukari nyumbani husomwa zaidi kwa milimoli, kama huku Uingereza, wakati ninyi mmezoea miligramu. Zidisha kwa 18. Mama akikwambia "leo ni tisa nukta nne", kwa kipimo chenu ni karibu 169, si kwamba sukari imeisha mwilini. Tarehe nazo ziandikeni siku kwanza, ndipo mwezi, kama inavyoandikwa nyumbani.

Usitegemee daktari akupe habari za mama kwa simu kwa sababu tu umejitambulisha kuwa ni mtoto wake. Ana haki ya kukataa, na anafanya vema: taarifa za afya ni za mgonjwa mwenyewe, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Njia iliyonyooka ni mama mwenyewe, akiwa mbele ya daktari, aseme kwamba anataka mwanawe asikilize, na jina lako liandikwe kwenye faili kama ndugu wa karibu. Mwenye simu amuombe daktari ruhusa kabla ya kupiga. Salamu kwanza, maswali mawili uliyokwisha kuyaandika, na shukrani. Kumbuka saa pia: wakati wa baridi, Mbeya ikiwa saa nne asubuhi, London ni saa moja. Na usiagize dawa ibadilishwe kwa sababu ulisoma jambo fulani huko uliko. Liandike swali kwenye daftari, daktari atalikuta.

Kwenye malipo, kaa na ndugu zako kwanza. Kwa utaratibu uliozoeleka wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, mwanachama aliyeajiriwa anaandikisha mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wamo. Familia nyingi zina mwalimu au askari ambaye hajatumia nafasi hizo, huku wengine mkichangishana kwenye kundi la simu kila mama anapougua. Mzazi aliyefikisha miaka 60 na asiye na uwezo, sera ya afya inamsamehe gharama kwenye vituo vya serikali. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Malipo ya hospitali za serikali yalipwe kwa kumbukumbu namba (control number), risiti ibandikwe kwenye daftari. Barua ya rufaa nayo ipigwe picha kabla haijakabidhiwa dirishani.

Kuna watakaompeleka mzazi Ikonda, Makete, kama wafanyavyo wengi kutoka mikoa ya mbali, au Tosamaganga kwa walio upande wa Iringa. Ni sawa. Aende na barua, daftari, mtu wa kukaa naye, na blanketi zito, hasa Juni na Julai.

Na siku utakapomwalika mama aje kukuona Uingereza, daftari lije naye. Akija kwa muda usiozidi miezi mitatu, daktari wa mtaa anaweza kumwandikisha kama mgonjwa wa muda, na kumwona hapo hakulipiwi. Kulazwa hospitali ni habari nyingine: mgeni asiye na msamaha hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Kwa hiyo kata bima ya safari kabla ya tiketi, na taja presha na sukari yake bila kuficha, kwa sababu ukificha bima haitalipa. Ukurasa wa kwanza na orodha ya dawa vitafsiri kwa Kiingereza, vibandike nyuma ya jalada, na dawa zake zisafiri kwenye begi la mkononi zikiwa ndani ya maboksi yake.