Namna ya kuufuata urithi wa uduvi wa madimbwi kwa udongo mkavu na chupa za maji

Madimbwi yanayojaa wakati wa masika na kukauka wakati wa kaskazi ni mahali pazuri mno pa kujifunzia jinsi urithi unavyopita kutoka kizazi hadi kizazi, kwa sababu viumbe wake hukua upesi, huzaa wakiwa na umri wa siku chache, na mayai yao huweza kuwekwa katika bahasha mithili ya mbegu za mchicha. Nasema juu ya wanyama wadogo wa kundi la krasteshia, yaani kundi la kamba na kaa, ambao katika mwongozo huu nitawaita uduvi wa madimbwi, ingawa si yule uduvi wa baharini tunayemnunua sokoni. Mwalimu au mwanafunzi wa Mombasa aweza kuifanya kazi yote kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10, beseni jeupe, chujio la chai, chupa za nusu lita, hamira na daftari.

Anza Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla mvua haijaanguka. Tafuta upande wa bara, njia ya Miritini, Mazeras hadi Mariakani, bonde dogo ambalo wenyeji watakuhakikishia kwamba hujaa maji kila masika na hukauka kabisa kila mwaka, kisha muombe ruhusa mwenye ardhi. Bwawa lisilokauka halifai, kwa sababu samaki wake huwala uduvi. Kwangua udongo wa juu tu, unene wa sentimita 2 au 3, katika sehemu zisizopungua 8 kuanzia katikati ya dimbwi hadi ukingoni, na kila sehemu uitilie mfuko wake wa karatasi wenye tarehe na jina la dimbwi. Usitumie mfuko wa plastiki, maana unyevu uliobaki huleta ukungu. Udongo umenye kwa vidole. Ukiutwanga kinuni, mayai yatapasuka.

Hapa lazima nitoe onyo. Kichocho kipo pwani kwetu, na konokono wanaobeba vimelea vyake huishi katika madimbwi ya namna hii, tena wengine hujifukia udongoni wakingoja mvua. Kwa hiyo chekecha udongo wote ukiwa mkavu, utoe kila konokono hata akionekana amekufa, vaa glavu unapoulowesha, na usiingie dimbwini kwa miguu mitupu baada ya mvua. Vyombo vyote vifunikwe kwa kipande cha chandarua ili mbu wasitage humo.

Kwa maji, tumia ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na maji ya mfereji yana klorini, ambayo huna budi kuyaacha wazi kwenye beseni kwa siku moja au mbili. Jambo hili si dogo, kwa maana yai la uduvi hutambua kwamba mvua imenyesha kutokana na dalili kadhaa kwa pamoja, zikiwemo maji yasiyo na chumvi nyingi, mwanga, joto na oksijeni ya kutosha. Ikikosekana mojawapo, huendelea kulala. Tia gramu 20 za udongo kwa kila lita, maji yawe na kina cha sentimita 5 hadi 10, uweke beseni mahali penye mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua la mchana. Baada ya saa 24 hadi 48 washa tochi usiku pembeni mwa beseni. Utaona vidoa vyeupe, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vikija kwenye mwanga kwa mirukoruko mifupi. Hao ndio watoto waliotoka.

Chakula chao, yaani hamira, kikorogwe hadi maji yawe na ukungu mwepesi tu, mithili ya maji yaliyosuuziwa kikombe cha maziwa. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilitia kijiko kizima cha hamira katika beseni moja, na asubuhi maji yalikuwa yakinuka na uduvi wote wamelala chini, kwa kuwa bakteria walikuwa wamemaliza oksijeni. Punje chache za hamira zinatosha beseni zima kwa siku.

Baada ya siku tatu au nne utaanza kuwatofautisha. Wapo waogeleao chali, warefu, wasio na gamba. Hao ni wa jamii ya Streptocephalus na ndugu zake, ambao dume na jike ni mbalimbali na huhitajiana. Wapo wadogo wa mviringo wanaorukaruka, wa jamii ya dafnia na Moina. Na wapo wenye magamba mawili yanayoangaza, mtu akawadhania chaza wachanga wanaoogelea. Wakitokea hawa wa mwisho, watazame kwa makini, kwa kuwa kwao ndiko kuna fundisho ambalo mtu aweza kulisoma kwa macho yake bila mashine ya kuchunguza jeni.

Katika jenasi Eulimnadia, iliyo miongoni mwa hao wenye magamba mawili, spishi nyingi hazina jike kamili, bali zina madume na huntha, yaani walio dume na jike katika mwili mmoja, na huntha aweza kuyarutubisha mayai yake mwenyewe ila hawezi kumrutubisha huntha mwenzake. Utafiti uliofanywa Marekani juu ya Eulimnadia texana na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba jinsia yao hufuata kanuni nyepesi ya urithi. Tuseme aleli (sura moja ya jeni, ambazo kila mnyama hubeba mbili) ya huntha ni S, nayo inatawala, na ile ya dume ni s, nayo imefichika. Mwenye ss ni dume. Mwenye SS na mwenye Ss wote ni huntha, na kwa kuwatazama huwezi kuwatenganisha. Watoto wao ndio watakaowafichua: huntha wa SS akijirutubisha huzaa huntha watupu, na wa Ss huzaa madume wapatao robo.

Basi watenge kila mmoja katika chupa yake kabla hajapevuka, yaani wakiwa na umri wa siku tatu au nne, kwa sababu akishakutana na dume hesabu itaharibika. Ndani ya kila chupa tandaza chini udongo wa shambani, si wa dimbwini, uliokaangwa bila maji katika sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa kwa nusu saa. Weka pia chupa moja yenye udongo huo bila mnyama. Ikitoa uduvi baadaye, ujue vyombo vyako vilichafuliwa. Katika wiki ya kwanza mtazame kila mmoja kwa lenzi dhidi ya mwanga. Dume ana jozi mbili za miguu ya mbele zilizogeuka kuwa vibanio, ambavyo hukamatia ukingo wa magamba ya mwenzake. Huntha utayaona mayai yamerundikana mgongoni chini ya gamba. Madume uwarudishe beseni la kwanza.

Mzazi atakufa baada ya wiki mbili au tatu. Mwaga maji polepole, anika udongo kivulini hadi ukauke kabisa, uuache hivyo kwa mwezi mmoja, halafu uloweshe upya na uwahesabu watoto watakapopevuka. Usikimbilie hukumu. Huntha wa Ss akikupa watoto 10, nafasi ya kutoliona hata dume moja kwa bahati tu ni kama 6 katika 100, ilhali wakifika 20 nafasi hiyo hushuka hadi kama 3 katika 1000. Kwa hiyo nisingeandika SS daftarini kwa watoto pungufu ya 20. Ukitaka kwenda mbali zaidi, mchumbie dume mtoto mmoja wa huntha unayemdhania SS: watoto anaozaa na dume wote watakuwa huntha wa Ss, na kizazi kinachofuata kikijirutubisha kitatoa robo ya madume. Kumbuka pia kwamba kila kizazi cha kujirutubisha hupunguza kwa nusu tofauti za aleli ndani ya mnyama mmoja, hata baada ya vizazi vitano kubakie sehemu 1 katika 32 tu.

Usitupe udongo wa kwanza baada ya kuwatoa watoto wake. Ukaushe, uuloweshe tena mara ya pili na ya tatu, na mara nyingi wataanguliwa wengine, kwa sababu si mayai yote yanayoitikia mvua ya kwanza. Vuli yetu yaweza kunyesha siku mbili na kuacha jua likaushe dimbwi kabla hata mmoja hajazaa. Lau yote yangeanguliwa, ukoo ungekwisha siku hiyo. Akiba haiozi, na hii ya udongoni huchanganya watoto wa miaka mingi, hivi kwamba aleli iliyopungua msimu mmoja hurudishwa na mayai ya misimu iliyotangulia. Katika tope la bwawa moja la Rhode Island, Marekani, mayai ya kopepodi, krasteshia wadogo wa majini, yaliyozidi umri wa miaka 300 yalipatikana yangali hai.

Kwa dafnia na Moina hesabu ni nyingine. Majike yao huzaa bila dume maadamu hali ni njema, kwa hiyo maelfu unaowaona katikati ya msimu huenda ni nakala za mama wachache. Dimbwi likianza kuwabana hutokea madume, na dafnia jike hubeba mgongoni tandiko jeusi lenye mayai mawili ya kungojea ukame. Chukua sampuli mara mbili, mwanzoni mwa mvua, wote wanapokuwa wametoka katika mayai hayo ya dume na jike, na tena maji yanapopungua. Sampuli moja ya katikati itakupotosha.

Udongo wa madimbwi mawili usikutane kamwe, hata katika chujio lisilooshwa. Yangeyange na kwato za ng'ombe hubeba mayai, na huntha mmoja aweza kuanzisha ukoo mzima peke yake, lakini huo ni msafara wa asili ambao mtu hafai kuuingilia. Kilichobaki mfukoni kirudishe kwenye dimbwi lilelile kilikotoka, kabla ya mvua za Aprili.