Kitabu cha dago: kuwasomesha watoto wa wavuvi wahamaji

Kaskazi ikishika, wavuvi kutoka Pemba hupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, kwenye fuo zetu za Malindi, wengine na wake na watoto. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na watoto hawa nawapenda sana. Mtoto wa dago haji darasani mtupu. Maneno ya bahari anayo kuliko mimi. Kazi yetu ni kuyatia kwenye karatasi.

1. Anza na mama. Nenda alasiri, samaki wakishauzwa. Piga hodi, waamkie wazee, keti mkekani. Fomu ziache nyumbani siku hiyo. Omba hadithi, akisema "Paukwa!", itika "Pakawa!"

2. Shoneni kitabu. Tafuta katoni, karatasi tatu, kalamu ya wino mzito na uzi wa nyavu. Zikunje karatasi katikati upate kurasa 12, kata katoni iwe jalada, toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Baba ndiye ashone. Hapo huwa sikubali kumsaidia: fundo lake la nyavu halifunguki, na mtoto akiona mkono wa babake kwenye kitabu, hakiachi.

Sasa mama aseme, wewe uandike, sentensi moja kila ukurasa. Akisema "Baba kaja na changu" (yule samaki), andika vivyo hivyo; usiigeuze kuwa "amekuja". Mtoto asome kwanza maneno anayoyasikia kwao. Ya vitabuni atayakuta mbele. Picha achore mwenyewe.

3. Kiheshimu chuo cha Kurani. Nilikuwa na mtoto wa miaka minne aliyefungua daftari kwa nyuma na kuanza kuandika kutoka kulia. Mwenzangu alidhani hajui kitu. Kumbe kila jioni yuko chuoni, na juzuu yake ndivyo inavyofunguliwa. Nikamtilia nukta nyekundu pembeni kushoto: "Herufi hizi zinang'oa nanga hapa." Siku tatu zilitosha.

Na mama akikwambia "mimi sijui kusoma", muulize kama anasoma msahafu. Wengi wanasoma. Basi mwambie waziwazi kuwa yeye ni msomaji. Pwani hii tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu karne ya 18, kama si kabla.

4. Dakika kumi kila siku. Kabla ya magharibi, mwanga ungalipo. Mama apitishe kidole chini ya maneno. Hata asipozijua herufi za Kirumi ataweza, maana sentensi ni zake.

5. Uandikishaji. Kwa Katiba ya 2010, chekechea iko chini ya kaunti. PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, ni miaka minne; PP2, wa pili, mitano. Kikwazo ni cheti cha kuzaliwa. Serikali iliwatambua Wapemba kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023, lakini nimeona mtoto akirudishwa langoni kwa kukosa karatasi, na iliniuma. Usimtume mzazi peke yake. Fuatana naye, ubebe na kadi ya kliniki ya mtoto.

6. Kusi ikikaribia. Familia nyingine zitatweka tanga. Mfungie mtoto kitabu chake kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na barua kwa mwalimu atakayempokea: herufi anazozijua, hadithi anayoipenda, na kwamba akifungua daftari kwa nyuma asikaripiwe. Kurasa mbili za mwisho ziache nyeupe. Huko aendako mama atakuwa na la kusema, na mtu wa kuliandika.