Somo: Kubadilisha mpira wa kidirisha cha pembe tatu kwenye Beetle, ribiti ikiwemo

Masika yakianza hapa Mombasa, Volkswagen Beetle yenye mipira mizee utaijua kwa harufu tu: zulia limelowa na halikauki. Nikifungua milango yake, mara nyingi nakuta mtu amepaka silikoni juu ya mpira uliokufa ili asiiguse ribiti, ile pini ya chuma iliyopondwa kichwa, inayoshika bawaba ya juu ya kidirisha. Maji hupenya chini ya ile silikoni, yakakaa pamoja na chumvi ya bahari, na fremu ikaliwa taratibu bila mtu kuona. Gari lililoshinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1962 halistahili kutendewa hivyo. Ribiti itolewe.

Andaa drili na biti za kuanzia milimita 2, panchi, nyundo ya kichwa cha mviringo, kipande kizito cha chuma, praima ya zinki, ribiti mpya isiyo na tundu, na mpira mpya. Mpira wa kulia hauingii kushoto, kwa hivyo uangalie ukiwa bado dukani.

Hatua ya 1. Toa mkono wa kioo, kishikio na ubao wa ndani wa mlango. Teremsha kioo hadi chini, fungua skrubu na bolti za fremu, ilaze fremu kwa nyuma kisha uivute juu. Usiilazimishe.

Hatua ya 2. Ilaze mezani juu ya blanketi, kioo ukifunge kwa kitambaa. Piga panchi katikati kabisa ya kichwa cha ribiti. Anza na biti ya milimita 2, drili iende polepole, kisha ongeza ukubwa wa biti hadi kichwa kikatike na kutoka kama pete. Kata kichwa peke yake. Ukizama zaidi utapanua tundu la bawaba, na ribiti mpya itacheza daima. Shina lililobaki lisukume kwa panchi nyembamba. Unga wa chuma upanguse papo hapo, kwani kwa hewa yetu ukilala juu ya rangi utaamka na madoa mekundu.

Chini kuna pini yenye springi na nati. Kabla hujafungua, hesabu nyuzi zilizotokeza nje ya nati na uandike. Hizo ndizo zitakazofanya kidirisha kibaki pale unapokiacha, kisifungwe na upepo ukiwa mwendoni.

Hatua ya 3. Chambua mpira wa zamani. Hapa usiharakishe hata kidogo. Sugua kutu mpaka chuma kiwe cheupe, hasa kwenye kona ya chini ambako maji hutuama, na ndani ya tundu la ribiti. Paka praima, uiache hadi kesho yake. Mimi hupaka mara mbili.

Hatua ya 4. Uanike mpira mpya juani nusu saa ulainike. Paka maji ya sabuni, anzia konani, uusukume kwa vidole. Usiuvute ili ufike. Mpira uliovutwa hurudi nyuma baada ya wiki chache na kuacha pengo.

Hatua ya 5. Rudisha kidirisha kwenye fremu, kaza nati hadi nyuzi zile ulizoandika, utie ribiti mpya kwenye bawaba, kisha mwite mwenzako. Yeye akaze kile chuma kizito chini ya ribiti, wewe gonga juu kwa mapigo madogo madogo. Kila mapigo matatu, fungua na ufunge kidirisha. Kikianza kuwa kizito kiasi, basi, acha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kisauni: Fundi, siwezi kutumia ribiti ya kuvuta kwa bunduki?

Kwa bawaba hapana, ndugu yangu. Ile ina uwazi ndani, na mahali panapozunguka italegea. Inafaa pale mpira unaposhikwa kwa ukanda wa bati. Ya milimita 3.2 itobolee tundu la 3.3.

Mwanachama wa Likoni: Yangu ni Land Rover Series, mipira ya milango imepigwa ribiti kwenye bodi.

Bodi hiyo ni ya aluminiamu, kaka, basi tumia ribiti za aluminiamu zilizozibwa mwisho. Aluminiamu ikikutana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kabla ya kuzitoboa za zamani, sukuma nje ile sindano ya chuma iliyobaki katikati, la sivyo biti itateleza na kukwaruza rangi.

Mwanachama wa Changamwe: Nilipaka grisi ili mpira uingie. Sasa umevimba.

Mipira mingi ya siku hizi ni ya EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani. Inavumilia jua vizuri, lakini mafuta ya petroli na grisi huivimbisha. Uliovimba hivyo ubadilishe, na safari hii tumia sabuni.

Mwanachama wa Tudor: Nimemaliza kila kitu, maji bado yanaonekana ndani ya mlango.

Ndani ya mlango maji hupita kwa kawaida, mama, yakiteremka kandokando ya kioo kikubwa. Yanatakiwa yatokee kwenye vitundu vya chini. Vichokonoe kwa waya, kisha mwagia mpira maji ukianzia chini kwenda juu, mtu akiwa amekaa ndani na gazeti kavu mapajani. Tone la kwanza litaonyesha mahali.