Jogging ya mtaa bila mwenyekiti: namna ya kuiendesha isigeuke chama

Makundi mengi ya jogging Dar es Salaam huanza vizuri. Watu sita au saba wa mtaa mmoja, Jumapili asubuhi, mchakamchaka kidogo, supu, kila mtu kwake. Mwaka ukiisha kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mchango wa kila mwezi na faini ya kuchelewa, na nusu ya watu hawaonekani tena kwa sababu wanadaiwa. Hawakuchoka kukimbia. Wanaona aibu kukutana na mweka hazina.

Maelekezo haya ni ya wanaotaka kubaki pale mwanzo: kundi linalokutana kila wiki, lisilo na cheo wala mfuko, na lisilovunjika mtu mmoja akihama mtaa.

Siku, saa na mahali

Kundi lisilo na uongozi huongozwa na ratiba, kwa hiyo ratiba iwe ngumu kuliko kitu kingine chochote. Siku ile ile, saa ile ile, mahali pale pale, hata wakati wa sikukuu. Mkianza kuulizana kwenye grupu kila Ijumaa "kesho kutwa vipi, tunakimbia?", mmeshazaa katibu bila kujua, maana lazima awepo mtu wa kujibu.

Mahali pa kukutania pasiwe nyumbani kwa mtu wala mbele ya duka la mtu. Mwenye nyumba huwa mwenyeji, mwenyeji huanza kungojewa, na anayengojewa ndiye mwenyekiti. Chagueni geti la shule, kituo cha daladala au sheli yenye taa. Taa ni muhimu: Juni na Julai jua la Dar huchomoza kama saa 12 na nusu asubuhi, wakati Novemba huwa limeshatoka kabla ya saa 12. Mkiweka saa 12:15 mwaka mzima, ile miezi ya katikati mtaanzia gizani.

Andikeni ujumbe mmoja tu wa kudumu, ukae kwenye maelezo ya grupu, usibadilishwe kila wiki. Mfano:

"Jumapili saa 12:15 asubuhi, geti la shule. Tunaondoka 12:20 hata tukiwa wawili. Kilomita 6, mwendo wa kuimba. Hakuna kiingilio, hakuna ada, hakuna sare. Njoo na maji yako. Mwenye pumu, presha au kisukari amwambie mtu wa nyuma kabla hatujaondoka."

Hayo maneno "hata tukiwa wawili" ndiyo yanayobeba kundi. Siku ya kwanza mkimngoja mtu dakika ishirini, wiki inayofuata waliowahi watachelewa, na mwezi haujaisha atatokea mtu wa kupendekeza faini. Msingoje mtu. Aliyechelewa anaijua njia, atawakuta mbele.

Na "mwendo wa kuimba" ni kipimo, si mapambo. Asiyeweza kuitikia wimbo anakimbia kuliko pumzi yake, na kundi likinyamaza ujue wa mbele kaongeza mwendo. Kwa watu wa kawaida hiyo ni kama dakika 7 au 8 kwa kilomita, hivyo kilomita 6 ni dakika 45 hivi. Mkiwa na mwimbishaji mzuri hamhitaji saa.

Ramadhani ni hali ya peke yake. Mtaa wenye waliofunga wengi hauwezi kukimbia saa 12 asubuhi halafu ukae na kiu mchana kutwa. Ama mhamishie mwezi mzima saa 11 jioni kwa kutembea kilomita 3, ama msimame hadi baada ya Idi. Amueni mapema, liandikwe mara moja, basi.

Mtu wa mbele, mtu wa nyuma

Kila Jumapili kuna kazi mbili tu, na zote zinaisha siku hiyo hiyo.

Mtu wa mbele anachagua njia, anashika mwendo na anapuliza filimbi: mara moja gari linakuja, sogeeni, mara mbili simameni. Kundi likimbie upande wa kulia, likiyatazama magari yanayokuja, wawili wawili, si wanne kwa mstari.

Mtu wa nyuma ndiye mwenye kazi kubwa. Anahesabu watu kabla ya kuondoka na anahesabu tena mkirudi. Hampiti mtu: aliyechoka akitembea, naye anatembea. Avae reflekta, awe na simu yenye chaji na nauli ya bajaji ya kumfikisha mtu kituo cha afya kilicho karibu, na hicho kituo akijue kwa jina kabla ya safari. Nauli ikitumika, waliopo wanamrudishia pale pale wakati wa kunyoosha viungo. Lisiwe deni la kukumbushana kwenye grupu.

Zamu zijiendeshe bila orodha. Aliyekuwa nyuma leo ndiye wa mbele Jumapili ijayo, na wa mbele wa leo anamteua wa nyuma wa wiki ijayo kutoka kwa waliokwisha kuja angalau mara tatu. Mteuzi amwangalie mtu usoni amwambie, palepale, kabla watu hawajatawanyika. Atakayepata dharura aseme kufikia Jumamosi saa 3 usiku. Asiposema, aliyefika wa kwanza getini anashika nafasi yake. Mtindo huu una faida ambayo haionekani haraka: baada ya miezi michache karibu kila mtu ameshawahi kuhesabu watu na kuvusha kundi barabara kuu, na hakuna anayeweza kusema "bila mimi haliendi".

Linaloharibu zamu ni huruma. Yule kijana mwenye mbio na filimbi yake mwenyewe ataombwa aongoze tena, na tena, kwa sababu "anajua". Mara ya tatu mfululizo mkatazeni kwa upole. Akizoea, akiondoka na kundi linaondoka naye.

Pesa

Hapa ndipo makundi yanapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kanuni ni kwamba hakuna shilingi inayolala mikononi mwa mtu kwa niaba ya kundi. Maji kila mtu anabeba yake; nusu lita inatosha kwa kilomita 6. Supu kila mtu anamlipa mama ntilie mwenyewe. Akitaka kumlipia mwenzake ni baina yao, asitangaze.

Fulana ndizo mtego wa kwanza. Kama lazima mfanane, kubalianeni rangi tu, na kila mtu atafute ya mtumba ya rangi hiyo. Wakishikilia kuchapisha, tafuteni mchapaji mmoja, mkubaliane bei (wengi hushusha kuanzia dazeni), kisha kila anayetaka amtumie yeye mwenyewe pesa kwa simu, jina na saizi kwenye ujumbe huo huo. Siku kumi, orodha inafungwa. Mkikusanya kwa mtu wa katikati itabaki elfu nane au kumi na mbili, itaulizwa "chenji iko wapi", na jibu litakuwa "tuiweke iwe ya kuanzia mfuko". Mfuko huwa unaanza na chenji ya fulana.

Msiba nao lazima mjue mtaufanyaje kabla haujatokea, kwani mtu aliyekimbia nanyi miezi sita akifiwa hamwezi kukaa kimya. Aliye karibu naye zaidi atoe taarifa na aweke namba ya mfiwa mwenyewe au ndugu aliyeteuliwa na familia. Kila mtu anatuma moja kwa moja. Ile orodha ya kukopi na kubandika, "1. Mama fulani 10,000, 2. Kaka fulani 5,000", msiianzishe kabisa: mwenye elfu mbili ataona haya, hatatuma, na Jumapili hatakuja. Kinachowahusu kama kundi ni miguu. Mpange saa ya kwenda msibani pamoja, au kwenda mazikoni kama ni karibu.

Kadi za mchango wa harusi zipelekwe kwa mtu binafsi, kamwe si kwenye grupu. Hili liandikwe pamoja na ule ujumbe wa kudumu. Mkilisema baada ya kadi ya kwanza, mwenye kadi atadhani amelengwa yeye.

Halafu atakuja mlezi. Uchaguzi ukikaribia, au biashara mpya ikifunguliwa mtaani, atatokea mtu mwema wa kuwapa fulana sitini, spika na bahasha. Katoni za maji za kunywa siku hiyo hiyo pokeeni, mshukuru, yaishe. Fulana zenye sura yake na bahasha zirudi naye. Bahasha inahitaji mtu wa kuishika, na sura ya mtu kifuani itawafukuza wale ambao kura yao iko kwingine.

Wapo watakaotaka muwe kikoba, au msajiliwe mpate ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ni mawazo mazuri kwa shughuli nyingine. Kukopeshana kunataka katiba, daftari na viongozi wanaowajibika, na kwa Tanzania vikundi vya namna hiyo viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vinapaswa kusajiliwa. Kwa Kenya ipo Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022. Wanaotaka waanzishe, kwa jina lingine, grupu lingine na siku nyingine. Wawe huru kuwa kumi kati ya wakimbiaji thelathini. Wasichotakiwa ni kufanyia kikao cha kikoba kwenye supu ya Jumapili, maana mkopaji aliyechelewesha rejesho hatakimbia nanyi tena.

Grupu la WhatsApp

Grupu ni ubao wa matangazo, si makao makuu. Wekeni maadmini watatu, angalau wawili wanawake. Ujumbe unaojifuta baada ya siku 7 unasaidia sana: umbea wa wiki iliyopita haufufuliwi kwa picha za skrini. Picha za mbio zibaki humo, na mtu asirushwe kwenye mitandao bila kuulizwa. Kuna aliyemwambia bosi kwamba anaumwa.

Msipige kura humo. Grupu la watu 140 huwa na wakimbiaji 20, na hao 120 wengine watawabadilishia saa ya kukimbia wakiwa kitandani. Wanaoamua ni waliokuja, mkiwa mnanyoosha viungo. Jambo dogo, kama njia ya wiki ijayo, linaamuliwa papo hapo. La kugusa siku, saa au mahali lisemwe Jumapili mbili mfululizo. Likikubaliwa zote mbili, limepita.

Asiyefaa

Kukosa mwenyekiti hakumaanishi kukosa wa kumwambia mtu "usije tena". Mtu anayeshikashika wasichana, au anayewafuata kwa simu usiku, hatasubiri mkutano. Wale maadmini watatu ndio wa kupelekewa malalamiko. Wawili wakikubaliana, mmoja anampigia simu yule mtu na kumwambia wazi, kisha anaondolewa kwenye grupu. Hakuna mjadala wa hadhara, hakuna kumtaja aliyelalamika. Makundi yanayojivunia kwamba "sisi hatuna viongozi" mara nyingi hushindwa hapa, na wanaoondoka huwa ni wanawake, kimya kimya.

Ugomvi wa kawaida, wa nani alimpita nani au nani alimcheka nani, waachieni wenyewe.

Mkiwa wengi, au mkitaka makubwa

Hadi watu 25 hivi mambo huenda yenyewe. Wakifika 40 wanaotokea kweli, wimbo haufiki nyuma, wa mbele wanavuka barabara na wa nyuma wanakatwa na magari. Hapo mtu atasema "tuunde kamati". Gawanyikeni badala yake: nusu waanzie geti la shule, nusu kituo cha daladala, kila upande na mtu wake wa mbele na wa nyuma, mkutane kwenye supu. Wasigawanywe kwa mwendo, wenye mbio huku na wazee kule. Hilo linawaambia wazee wabaki nyumbani.

Msipime muda wala kuweka msimamo wa washindi. Mbio za parkrun zilianza Bushy Park, London, Oktoba 2004 na wakimbiaji 13. Mpaka leo ni za bure kila Jumamosi, lakini kwa kuwa kila mtu anapimwa muda, nyuma yake kuna asasi iliyosajiliwa yenye waajiriwa. Mkimbiaji haoni hayo. Ninyi mtayaona, kwa sababu daftari la muda litamhitaji mtu wa kulitunza.

Bonanza na majirani linawezekana bila kamati kama ni kukimbia tu: wao waje getini kwenu Jumapili moja, nanyi mwende kwao nyingine. Likiingia suala la uwanja, spika na kombe, linahitaji barua kwa serikali ya mtaa na mtu wa kuisaini. Watafuteni watu wawili wa shughuli hiyo moja, jina lao liwe kwenye barua, wakusanye na kulipa, na Jumapili inayofuata wasome hesabu mbele ya waliopo hadi ifike sifuri. Ikibaki elfu tatu, nunueni maji, yanywewe hapo hapo.